Mwanaume Aliyeinama

Mfuko wa karanga ulirushwa na muuzaji kutoka chini ya ngazi, ukapita juu ya vichwa vya watu, ukamfuata mwanaume mrefu aliyekuwa amenyoosha mkono kuupokea. Safu nzima ilitarajia ataudaka. Badala yake alijikunja na kuuficha uso wake magotini, na mfuko ukampita, ukatua mikononi mwa Renata Glowacki aliyekaa nyuma yake, ambaye hata hakuacha kutafuna soseji.

"Kaka," alisema Renata, akimgusa bega kwa mfuko ule, "karanga zako hizi. Haziumi."

Mwanaume aligeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa aibu. Alikuwa amevaa shati la buluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na tai. Tai, kwenye besiboli, Jumapili mchana.

"Nilidhani ni nyuki," alisema.

"Nyuki wa chumvi?"

"Wapo wa kila aina."

"Na hiyo tai? Umekuja kumzika nani?"

"Timu yenu, nasikia," alijibu, na watu wa pembeni wakacheka, maana timu ilikuwa imefungwa mara sita mfululizo na Aprili haijafika nusu.

Jina lake lilikuwa Orrin Dahl, fundi wa lifti, mgeni hapa Milwaukee kutoka vijiji vya kaskazini. Mtu mzima wa miaka thelathini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia uwanjani. Renata, mwoka mikate wa upande wa kusini, alikuwa akija tangu ananyonya. Viti viwili vya safu ya tano, karibu na kituo cha kwanza cha wakimbiaji, vilikuwa vya mama yake. Sasa magoti ya mama yalikuwa yamekataa ngazi, na kiti kimoja kilikaa kitupu.

Zamu ya tatu kati ya zamu tisa za mchezo ilipoanza, Orrin alikuwa ameshahamia kwenye kiti kile.

Renata alimfundisha kama mtu anavyomwonyesha mgeni nyumba yake. Jinsi ya kuandika kila tukio kwa penseli kwenye karatasi yenye vijumba, ili ukizeeka uusome mchezo mzima tena. Jinsi wachezaji wa ulinzi wanavyosogea hatua mbili kabla mrushaji hajarusha, jambo ambalo televisheni haikuonyeshi hata siku moja. Jinsi ya kukaza macho unapotoka kwenye ujia wa giza, maana ule ukijani wa nyasi hukupiga ghafla.

"Nyumbani unaangalia mpira," alimwambia. "Hapa unakaa nao. Kati ya mrusho na mrusho kuna nafasi ya kuongea. Mama na baba walichumbiana humo humo, kwenye nafasi hizo."

"Ndiyo maana mchezo ni mrefu hivi?"

"Hauna saa, Refu wangu. Hauishi mpaka uishe."

Hilo "Refu wangu" lilimtoka bila kufikiri. Alitazama soseji yake. Orrin alitazama ubao wa matokeo kwa makini sana, ingawa ulikuwa haujabadilika.

Wiki sita zile alikuja kila timu ilipocheza nyumbani. Walicheka, walilambana haradali vidoleni, walikumbatiana na watu wasiowajua kila timu ilipofunga. Kitu kimoja tu Renata alikiona na hakukielewa: kila mpira uliporushwa, Orrin alishika ukingo wa kiti mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Baridi, mpenzi?"

"Upepo wa ziwani huu," alisema. Na ulikuwepo kweli, kwa hiyo Renata aliamini.

Jumamosi ya mwisho wa Mei Renata alivaa gauni la njano lenye vifungo vyeupe. Kulikuwa na jua. Zamu ya nne alikuwa amegeuka kabisa kumtazama Orrin, anamsimulia juu ya mteja aliyerudisha mkate kwa sababu eti una matundu, na alikuwa anaikaribia sehemu ya kuchekesha.

Gongo la mpigaji lilisema ko.

Aliuona uso wa Orrin ukibadilika. Aliyaona macho yake yakiona kitu. Halafu uso ule haukuwepo tena, ulikuwa umeshuka magotini, na pale ulipokuwa likawepo anga tupu, na ndani ya anga kitu cheupe.

Mengine aliambiwa. Kwamba mpira ulivunja shavu na taya. Kwamba Orrin alivua shati na kumfunga kichwa nalo, mpaka wauguzi wakamwondoa. Kwamba kamera ilikuwa imewanasa, na taarifa ya michezo jioni ile ilionyesha tukio mara tatu: mwanamke anacheka, mwanaume anainama. Kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa umempa Orrin jina. Bwana Inama. Kule kazini kwake, mtu akibonyeza kitufe cha lifti, wenzake walijikunja sakafuni.

Madaktari walilifunga taya la Renata kwa waya. Wiki sita, supu kwa mrija, na kuongea kwa kuandika kwenye daftari. Upande wa kushoto wa uso wake ulivimba, ukawa wa zambarau, halafu kijani. Siku ya kumi, mama yake akiwa kanisani, simu ililia. Aliinua mkono wa simu.

"Renata?" Kulikuwa na kelele za magari, alikuwa anapiga kutoka kibanda cha barabarani. "Ni mimi."

Alijaribu. Ulimi uligonga waya. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

"Nipo hapa nakusikia unapumua," Orrin alisema. "Useme chochote. Nitukane basi, mpenzi. Itakuwa afadhali."

Aliusukuma mdomo kwa vidole. Maumivu yalimpanda mpaka jichoni. Pumzi tena.

"Haya. Nimeelewa. Hata mimi nisingejijibu. Sitakusumbua tena."

Renata aligonga mkono wa simu kwa kucha, mara mbili, mara tatu, lakini upande wa pili kulikuwa na mlio wa kukatika tu. Chumba alichopanga Orrin hakikuwa na simu.

Mama yake aliporudi aliyasoma maneno ya Orrin, ambayo Renata alikuwa ameyaandika kwenye daftari, akavua kofia yake ya kanisani polepole.

"Mwanaume aliyeinama, mwache ainame huko huko," alisema.

*Nimwandikie?* Renata aliandika.

"Umwandikie nini? Aliuona uso wako, mwanangu. Akaenda."

Mama hakukusudia ubaya, lakini neno lile lilibaki ndani kama mwiba. Renata aliandika barua nne na kuzichana zote nne. Kila alipofika kwenye kioo alijiuliza swali lile lile: alikimbia mpira, au alikimbia uso huu? La kwanza angeweza kulisamehe kabla ya chai ya asubuhi. La pili hakujua afanye nalo nini.

Waya zilitolewa Julai. Shavu liliingia ndani kidogo, kama donge la unga lililobonyezwa na kidole gumba lisirudi. Na hofu ikaja kuishi naye. Trei ikianguka pale duka la mikate, alijikuta chini ya meza, mikono kichwani. Redio ikitangaza mchezo, aliizima kabla gongo halijasikika. Alikuwa mtu wa kutembea gizani bila kuangalia nyuma, na sasa alishtuka mlango ukifungwa.

Jumapili ya mwisho ya Septemba ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Alivaa sweta la kijivu la kaka yake, suruali nene, na skafu aliyoizungusha mpaka puani.

"Unakwenda wapi umejifunga hivyo kama mgonjwa wa meno?" mama aliuliza.

"Uwanjani."

Mama aliweka kikombe chini. "Renata. Unatetemeka umesimama jikoni."

"Najua, mama. Nisipoenda leo, msimu wa baridi wote utanikuta nimekaa na hii hofu ndani ya nyumba. Ikifika Aprili itakuwa imeshapanga samani."

Alifika salama mpaka mwisho wa ujia wa giza. Ukijani ulimpiga usoni, ule ule, na machozi yakamtoka kwa jinsi alivyokuwa ameutamani. Halafu chini kule wapigaji wakaanza mazoezi. Ko. Ko. Alichuchumaa ukutani, watu wakimpita na bia zao, mwanamke mmoja akimuuliza, "Dada, uko sawa?" naye akitikisa kichwa tu kwamba ndiyo, ndiyo.

Safu ya tano alikuwa anaiona. Hangeweza. Ilikuwa kama kuambiwa akae ndani ya tanuri.

Akiwa pale chini ndipo wazo likamjia, na lilimjia kwa sababu aliogopa. Mtu mwenye hofu hii, kama bado anaupenda mchezo, angekaa wapi? Aliinua macho. Juu kabisa, chini ya paa, safu ya mwisho, kulikuwa na watu wachache kama ndege kwenye waya.

Alipanda. Ilimchukua zamu mbili nzima, akisimama kila gongo liliposikika, mkono kwenye chuma cha ngazi.

Orrin alikuwa kwenye kona. Hakuwa na tai. Alikuwa amekonda, na magotini alikuwa na karatasi yenye vijumba na penseli. Viti vinne kutoka kwake alikaa bibi mmoja anayefuma soksi.

"Unaandika vibaya," Renata alisema. "Yule mpigaji hakuukosa mpira mara tatu. Mpira wake ulidakwa."

Penseli ilianguka ikabingirika ngazi mbili. Orrin hakuifuata.

"Nitaondoka," alisema. "Nilidhani hutakuja tena. Naondoka sasa hivi."

"Kaa chini, Orrin. Nimepanda ngazi zote hizi."

Alikaa. Renata alikaa pia, akiacha kiti kimoja kati yao. Chini, mrushaji aliinua mguu.

Ko.

Wote wawili waliinama. Vichwa magotini, mikono juu ya vichwa. Bibi wa soksi aliwatazama, akautazama mpira uliokuwa unabingirika mbali huko kama punje ya njegere.

"Nyie watoto," alisema, "mpira wa kufika huku bado haujatengenezwa."

Hakuna aliyecheka. Waliinuka polepole, na walipotazamana Renata aliona kwamba Orrin anatetemeka kama yeye. Sawasawa kabisa na yeye.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nina miaka tisa. Mpira wa shuleni ulinipiga kooni. Sikupumua mpaka nikadhani nimeshakufa. Naning'inia kwenye nyaya ghorofa ya kumi na mbili nikila andazi, Renata. Lakini mpira ukiruka, mwili wangu hauniulizi."

"Sasa kwa nini ulikaa safu ya tano wiki sita?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa unakaa safu ya tano."

Renata aligeukia uwanja.

"Ulikata simu," alisema.

"Ulikataa kusema nami."

"Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, we mtu. Sikuweza kusema hata 'maji.' Nilikuwa nakuita."

Orrin aliiweka karatasi ya vijumba chini. "Ile pumzi," alisema.

"Ile pumzi."

"Mungu wangu. Nami nikasema..."

"Najua ulichosema. Nilikaa nacho miezi minne. Nilidhani umeukimbia uso." Alishika skafu. Akaivuta chini kwa mikono yote miwili. "Basi tazama. Tazama vizuri, halafu useme ukweli, maana huu ndio uso uliopo."

Orrin alitazama. Hakuharakisha, na hakukwepa upande wa kushoto.

"Shavu limeingia," alisema. "Hapo. Na wewe bado unanitazama kama mtu aliyekosea vijumba." Macho yake yalijaa. "Nilikimbia mpira. Halafu nikajikimbia mimi. Wewe sikukukimbia hata dakika moja."

Kile kiti cha kati yao hakikukaa kitupu tena.

Zamu ya sita walishuka safu kumi. Ilikuwa fikra ya Renata. Alisema anataka kuona uso wa mrushaji, japo kwa mbali. Zamu ya saba, watu wote waliposimama kujinyoosha na kuimba, walishuka kumi nyingine, wakiwa wameshikana mikono yenye jasho. Zamu ya tisa iliisha timu zikiwa sawa, na mchezo ukaendelea, maana hauna saa. Walifika katikati ya jukwaa la watazamaji, mahali ambapo mpira uliopotoka ungeweza kufika ukitaka sana. Hapo miguu yao ikakataa.

"Siwezi kushuka tena," alisema Renata.

"Wala mimi."

"Basi hapa."

"Hapa." Orrin alivuta pumzi. "Renata, nina neno. Nilitaka kulisema tangu Mei, nikawa nasubiri nipone uoga kwanza. Siponi. Naona nitakuwa hivi hivi."

"Subiri, anarusha."

Walishikana. Mpira ulipita, ukatua kwenye glavu ya mdakaji kwa kishindo. Renata alifungua macho.

"Haya, sema. Una nafasi fupi."

"Msimu ujao nataka viti viwili vya hapa. Hivi hivi. Na msimu wa baadaye. Nataka niwe mumeo, uogope na mimi hapa katikati mpaka tuzeeke. Kama nitainama tena, nitainama nikiwa nimekuvuta na wewe."

Chini kule mpigaji alisafisha viatu kwa gongo lake. Mwamuzi alinyoosha mgongo. Renata aliyasikia meno ya taya lake lililopona yakigongana, na hakujua ni kwa ajili ya mpira au kwa ajili ya swali.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, Refu wangu. Sasa nishike vizuri, ameinua mguu."