Harufu Katika Chumba cha Mzazi

Odeta alijifungua mtoto wa kiume wakati wa masika, mvua ikiwa imeshika Mwanza. Yeye na mumewe, Masalu, walipanga vyumba viwili na jiko dogo katika mtaa wa Mabatini. Mtoto walimwita Malimi.

Mama yake Masalu alikuja kutoka Kayenze kumtunza mzazi. Alibeba mfuko wa dagaa, zawadi kwa mkwe wake. Asubuhi na jioni alimkanda Odeta kwa maji ya moto. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi wa miaka mingi, na Masalu hakupenda kumwona akipuliza mkaa.

Miaka hiyo ya tisini, maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vipya. Masalu akanunua jiko la gesi na mtungi wake. Alifurahi kama bwana harusi.

"Mama, moshi basi," alisema. "Unawasha tu."

Alilifunga mwenyewe. Mpira wa gesi ulipwaya pale unapoingia kwenye mtungi, akaukaza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Jiko akaliweka chumbani, karibu na godoro la mzazi, ili maji yawe karibu, na mtoto apate joto. Dirisha akalifunga. Chini ya mlango akasukuma kanga kuukuu. Alifanya yote kwa upendo, na yote alikosea.

Baada ya siku chache, chumba kilianza kunuka kama kitu kilichooza. Masalu, aliyeshinda kazini, hakujali.

Odeta alidhani ni dagaa. Lakini angesemaje? Zawadi ya mama mkwe hainuki. Alinyamaza, akavumilia hata kichwa kilichomuuma.

Mama mkwe naye alidhani ni nepi za mtoto. Lakini mzazi ni mchovu, na mkwe haambiwi kwamba chumba chake kinanuka. Akanyamaza pia. Alifua nepi mara mbili bila kusema neno. Walipendana wale wawili, na kupendana huko kulikaribia kuwaua.

Asubuhi moja jirani yao, Mama Orwa, alikuja kumwona mtoto. Alikuwa mtu wa Musoma, na alikuwa amepika kwa gesi miaka mingi katika nyumba ya wageni. Masalu alikuwa ameinama mbele ya jiko, kiberiti mkononi.

"Baba Malimi, usiwashe," alisema Mama Orwa kwa sauti ya chini. "Weka hicho kiberiti. Hiyo harufu ni ya nini?"

Odeta alitazama chini. "Labda dagaa," alinong'ona.

"Dagaa nimekua nao. Hii ni gesi. Mama Malimi, chukua mtoto, toka nje. Mama, mfuate. Swichi ya taa asiguse mtu."

Mama Orwa akafunga koki ya mtungi, akafungua dirisha na mlango. Kisha Masalu akautoa mtungi uani.

Nje, Odeta alimkumbatia Malimi. Mtoto alikuwa amelala, hana habari.

"Gesi ni nzito kuliko hewa," alieleza Mama Orwa. "Inatulia chini, pale pale mtoto anapolala. Cheche moja inatosha. Na hata isipovuja, moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa unaharibu hewa. Mtu analala, haamki."

Masalu alikaa chini. "Nilitaka wapate joto," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Najua, mdogo wangu. Joto la mtoto ni blanketi na mama yake."

Mchana Masalu alinunua mpira mpya wa gesi na vibano vya chuma. Mama Orwa akamwonyesha kuvikaza. Jiko likakaa jikoni, dirisha wazi, mtungi umesimama wima. Kisha Mama Orwa akakoroga sabuni kwenye maji.

"Fungua koki, jiko usiliwashe. Paka povu kila kiungo. Gesi ikitoka, povu litavimba."

"Kama tyubu yenye pancha," alisema Masalu.

"Hivyo hivyo. Usijaribu kwa kiberiti kamwe. Ukibadilisha mtungi, paka tena. Ukimaliza kupika, funga koki."

Povu lilitulia. Hapakuwa na pancha.

Jioni mama mkwe alimkanda Odeta kama kawaida. "Mwanangu," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kukuumiza, mama. Nilidhani ni dagaa wako."

"Na mimi nilidhani ni nepi zako." Akamshika mkono. "Tusifichane tena. Harufu ikija, atakayeisikia kwanza aseme."

Wiki iliyofuata, Odeta alikuwa jikoni akipika uji. Mama mkwe akaita kutoka chumbani: "Mkwe wangu, nasikia harufu."

Odeta akazima jiko mara moja, koki ikiwa bado wazi, akaleta povu. Akapaka viungo vyote. Povu likatulia. Ndipo akaingia chumbani, akamwinua Malimi, akamnusa.

"Mama," alisema, "safari hii ni nepi kweli."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka.