Kitufe cha Nakubali

Kila Jumatatu, akitoka shule, Kaha aliketi mkekani kwao Habaswein na kushika simu ya mama yake, Arbia. Arbia aliuza maziwa sokoni na hakujua kusoma. Msomaji wa nyumba alikuwa Kaha, msichana wa miaka kumi na miwili. Aliingia katika tovuti ya wafugaji, akaandika idadi ya ngamia wao na mahali mjomba wake, abti Hirsi, alipokuwa akiwalisha. Tovuti nayo ikawajulisha mvua itanyesha wapi.

Jumatatu hiyo ilani ilitokea kwa mara ya tatu: masharti ya matumizi yamebadilika, soma kabla ya kukubali. Masharti yenyewe yalikuwa marefu kama barabara ya Wajir. Arbia akauliza wanasema nini.

"Salamu tu, hooyo," Kaha alimjibu mama yake, akabonyeza Nakubali.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, mwanafunzi mwenzake Awil alimjia akicheka.

"Ngamia kumi na saba! Na bado unaniomba kalamu?"

Kwao idadi ya ngamia haitajwi, hata kwa jirani. Awil alisema ameiona katika tovuti hiyo hiyo, kwenye simu ya baba yake, chini ya jina la Arbia, pamoja na ramani ya kisima walipo. Sasa kila mtu anaona.

Kaha alikimbia nyumbani. Kabla hajavua viatu, simu ya mama, iliyoachwa nyumbani, ililia. Mwanamume asiyemjua aliuliza kama mchungaji wa wale ngamia yuko peke yake, na hulala upande gani wa kisima. Kaha akakata.

Angeweza kunyamaza, mama asingejua. Lakini msimu uliopita mchungaji mmoja alirudi mjini akiwa amevunjwa mkono na wezi wa mifugo, na abti Hirsi alikuwa na fimbo na tochi tu. Kaha akachukua simu, akaenda sokoni, akasimama mbele ya madumu ya maziwa, akasema yote, hata lile la salamu.

Arbia hakumpiga. Alimpigia Hirsi, hakupatikana. Akapiga tena, midomo ikisoma dua. Mara ya nne Hirsi akaitika, akaambiwa ahame mara moja.

"Sasa soma," Arbia alimwambia binti yake. "Neno kwa neno."

Kaha alisoma huku akifasiri kwa Kisomali. Katika aya ya tisa waliandika kwamba jina na namba ya simu ya mwenye mifugo, idadi yao na mahali walipo vitaonekana kwa wote, isipokuwa mwenyewe akikataa. Chini yake palikuwa na kitufe cha kukataa. Akakibonyeza, na ramani ikafutika.

Asubuhi Hirsi alipiga simu. Yeye na ngamia wote walikuwa salama kwa binamu zake. Wasafiri waliopita kisimani walikuwa wameona alama mpya za magurudumu pale Hirsi alipokuwa akilala.

Kaha alilia. Arbia akamvuta karibu.

"Watu hawa wa tovuti walibisha hodi mara tatu," alisema. "Sisi ndio hatukufungua. Mimi sioni herufi, Kaha. Naona kwa macho yako. Neno usilolielewa, niambie hulielewi, tutamtafuta mwalimu. Usiposoma, sema hujasoma. Ukinidanganya, umenipofusha, na anayekulinda ni huyo huyo kipofu."