Mstari wa Tatu

Siku ya soko, saa nne asubuhi, Cécilia alimletea Ruphin kompyuta ya marehemu mumewe. Ruphin ni fundi wa Kasongo. Anachapa barua na kutengeneza mashine. Cécilia alikuwa ametoka Salamabila kwa pikipiki. Alitaka kitu kimoja: karatasi ya kiwanja iliyohifadhiwa humo. Akiikosa, shemeji yake Djafari angemtoa nyumbani na watoto.

«Mashine iko inanuka, mama,» Ruphin alisema. «Mulifungia samaki ndani?»

«Djafari ndiye alikuwa nayo tangu matanga. Fungua tu.»

Akaiwasha. Kompyuta hutafuta pa kuanzia kwa zamu: kwanza diski yake, ikikosa, flashi iliyochomekwa. Ikikosa vyote, husema hivyo na kusimama. Ruphin aliita orodha ya zamu hizo kwenye skrini. Diski: haipo. Flashi: haipo.

Chini yake palikuwa na mstari wa tatu. CÉCILIA.

Alizima, akageuza mashine, akafungua skrubu. Mahali pa diski palikuwa na donge la nywele, limelowa mafuta ya njano. Funza walitembea ndani yake. Ruphin alimeza mate, akajuta kuyameza.

«Ile ni nywele yangu,» Cécilia alinong'ona. «Walininyoa siku ya kumaliza matanga. Djafari alisema aliitupa mu mto.»

Ruphin alilishika donge kwa koleo. Lilikuwa na joto. Alivuta kidogo.

Cécilia akashika koo. «Acha. Iko inanivuta mu tumbo.»

Aliacha.

«Washa. Bonyeza jina yangu.»

«Mama…»

«Bonyeza. Nyumba ni ya watoto yangu.»

Alibonyeza. Skrini iliwaka. Cécilia alikohoa. Faili lilifunguka. Alikohoa tena. Printa ilianza kunguruma, naye akainama juu ya ndoo. Zilitoka nywele. Ndefu. Zenye mafuta ya njano. Hazikukatika mpaka printa iliponyamaza.

Karatasi zilitoka safi, mbili: moja ya mteja, moja ya droo, kama Ruphin anavyofanya siku zote. Cécilia alifuta kinywa kwa kitenge, akachukua yake, akaondoka. Ruphin alipotazama tena mahali pa diski, palikuwa patupu na pakavu.

Nyumba, Cécilia amebaki nayo.

Nakala ya droo, Ruphin alijaribu kuichana mara moja tu. Kabla hajafika katikati, simu ililia kutoka Salamabila. Alipopokea, ni Cécilia. Alikuwa anakohoa.

Sasa haichani. Kila Ijumaa huitoa kwenye droo, akainyoa kwa wembe nywele zilizoota juu yake.