Mtu Asikupokee

Begi lilikuwa tupu, na msumari ulikuwa umepinda.

Ikupa aliuona asubuhi alipokuwa anatafuta sweta nyuma ya mlango. Msumari ule mnene aliugongelea mwenyewe, na sasa ulikuwa umeinamia chini, mbao imechanika kuuzunguka. Begi lilining'inia hapo likiwa bapa, halina hata kipande cha karatasi ndani. Alilinyanyua kwa kidole kimoja. Lilikuwa jepesi. Alipolirudisha mahali pake, mbao ililia.

"Matilda, umeweka nini humu?"

"Begi lako la thamani nitaligusa mimi?" Matilda alijibu kutoka jikoni. "Labda nalo limechoka."

Hao wanaosema majini ni mambo ya watu wa pwani waje wakae Soweto, hapa Mbeya, mwezi wa sita, ukungu ukiwa umelala barabarani hadi jua linapanda, ukimsikia mtu anahema nyuma yako na humwoni. Sisi wa nyanda za juu tunasali sana, Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, na bado kuna mawe hatuyagusi. Ikupa aliyagusa. Wala usidhani ni kwa kutojua. Ni ubishi tu.

Yeye na Matilda Kalinga, mzaliwa wa Kilolo, walipanga vyumba viwili kwa mzee Zabron. Kazi yao ni kuongoza watu milimani. Kampuni moja ya Iringa ilikuwa inatafuta waongozaji wanawake wa safari ndefu ya kuvuka milima na misitu ya Kilolo, kila mmoja na hema lake, jiko lake, kamba zake na chakula chake mgongoni. Ikupa aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Tatizo lilikuwa begi. Lake la zamani lilikuwa la kiume, mgongo wake mrefu, mkanda wa kiunoni ukamwangukia mapajani, uzito wote ukamvuta mabegani mpaka ngozi ikachunika. Kwa begi lile asingefika popote, na alijua.

Ndiyo wakaenda soko la Mwanjelwa, kwa Shedrack muuza mitumba.

"Chukua hili dada, lina mifuko kila upande."

"Mifuko hainibebei mzigo," Ikupa alisema. Akainamisha kichwa, akamwambia Matilda amshike ule mfupa uliotokeza shingoni, kisha apime kwa shubiri mpaka juu ya nyonga. "Begi liwe na urefu huo huo. Mzigo unakaa kwenye nyonga, mabega ni ya kushikilia tu. Na mikanda ya mbele ipinde, isinibane maziwa."

Shedrack akamtazama. "Sasa dada, unanunua begi au unashona suti?"

Alilipata chini kabisa ya rundo, kubwa, rangi ya damu ya mzee. Shedrack akalijaza viatu hadi juu, Ikupa akalivaa, akafunga mkanda. *Ta.* Klipu iliingia vizuri kabisa. Akaruka ruka mbele ya wateja, begi halikuyumba.

"Hili limenikubali," alisema.

Begi jipya huzoeshwa mzigo. Wengine hutia mchanga, wengine chupa za maji. Ikupa alitaka kuzoea kwenye mlima wenyewe, kwa hiyo walipanda ile njia ya miguu inayovuka juu ya mji kuelekea upande wa Chunya. Pale shingoni mwa mlima kuna chungu la mawe. Kila apitaye huokota jiwe njiani, hulitupia pale, husema "nakuachia uchovu," na kuendelea. Bibi zetu walifanya hivyo wakiwa na ndizi kichwani, na akina mama wa mkaa wanafanya hivyo hadi leo. Watu huongeza jiwe. Hakuna anayepunguza.

Ikupa aliweka begi chini, akaanza kuchagua yale bapa, yanayolala vizuri karibu na uti wa mgongo.

"Hayo hayachukuliwi," Matilda alisema.

"Mawe ni mawe. Mkatoliki mzima unaogopa kokoto?"

Matilda hakucheka. Alishuka mlima wote nyuma ya rafiki yake aliyekuwa anapiga mluzi. Nyumbani Ikupa aliyamwaga nyuma ya bafu. Moja lililokuwa pana aliliweka juu ya mfuniko wa pipa la maji, upepo usiupeperushe. Halafu akakoga, akala, akalala vizuri.

Baada ya msumari ilikuja harufu. Jasho. Halikuwa la mtu mmoja, lilikuwa jasho la watu wengi, la zamani, lililokaukia kwenye nguo za sufu na kuloana tena. Kisha ikaja sauti. Mchana kweupe, Matilda akichambua maharage mlangoni, alisikia kitu kinahema nyuma yake, pumzi ndefu nzito ya mtu aliyepanda mlima bila kupumzika. Aligeuka. Lilikuwepo begi peke yake. Kifua cha begi kilipanda na kushuka.

"Ikupa," alisema kwa sauti ya chini, "lile begi linavuta pumzi."

"Ni upepo."

"Upepo gani? Dirisha limefungwa."

*Ta,* ilisema klipu ya mkanda, yenyewe, ikijifunga.

Mzee Zabron alikuja kutengeneza fremu ya mlango wake. Alikuwa anagomba, kama kawaida ya wenye nyumba, wapangaji hawa hawana huruma na mali ya mtu, na huku anagomba akaingiza mkono kwenye mkanda wa begi alisogeze. Mkanda ukajiviringisha. Ukapanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, ukakaza, na mkono wa mzee ukavunjika kama kuni kavu, mfupa ukatoka nje ya ngozi, damu ikatapakaa kwenye ukuta aliokuwa ameupaka rangi Pasaka. Begi likamwachia. Likarudi kuning'inia kwenye msumari uliopinda, likihema.

Walimwita mchungaji Sifaeli. Alikuwa mtu mzima, mpole, na nampa heshima yake, maana alipolisikia linahema hakukimbia. Alifungua dirisha mwanga uingie, akaweka mkono juu ya begi, akasema, "Kwa jina la Yesu, toka." Hapo hapo mkanda wa kiunoni ukaruka ukamfunga shingoni, *ta*, ukamwinua miguu ikaachana na sakafu, ukakipigiza kichwa chake ukutani, ukarudia, ukarudia tena, meno yakamwagika chini, na Matilda akachukua kisu cha jikoni akaanza kuukata ule mkanda huku analia, na kila alipokata ni Ikupa aliyepiga kelele, Ikupa aliyekuwa amesimama mbali kabisa kule dirishani hajaguswa na mtu, damu ikimchuruzika kwenye nyonga kwa mstari ulionyooka pale pale mkanda unapokaa.

"Acha, Matilda. Unanikata mimi."

Matilda akaacha. Mkanda ukalegea wenyewe, mchungaji akaanguka, macho yamevilia damu, lakini mzima. Majirani wakamkimbiza hospitali. Majirani walipotoka, Ikupa akatazama msumarini. Begi halikuwepo. Akatazama sakafuni. Kisha akasikia pumzi ya moto kwenye shingo yake, na mabega yakashuka.

Lilikuwa limemvaa.

Matilda alimpigia simu shangazi yake, Eveline, kule Kilolo. Akaweka sauti ya nje ili Ikupa, aliyekuwa amepiga magoti hawezi kusimama, asikie.

"Kamwene shangazi. Tumeharibu."

Shangazi Eveline alisikiliza hadi mwisho. "Mmetoa mawe kwenye chungu," alisema. "Mnadhani watu waliyaweka pale kwa kupenda mawe? Chini yake kuna jini. Linakula uchovu wa watu, na mawe ndiyo yanalikandamiza lisisimame. Ninyi mmelifunulia, na begi mkalipatia."

"Tufanyeje, shangazi?"

"Aliyeyatoa ayarudishe kwa mgongo wake. Hata moja lisibaki. Na njiani mtu asimpokee mzigo. Jini hilo halina miguu, linahama kwa kupokewa tu. Atakayempokea, amelichukua. Na wewe Matilda usimfuate. Nakujua, utampokea."

Sasa fikiria hilo. Huku kwetu mtoto hufundishwa kupokea mzigo kabla hajajua kusoma. Ukikutana na mtu amebeba, hata humjui, unasema pole, unanyoosha mikono. Asiyepokea amelelewa vibaya. Jini lilikuwa limetufahamu vizuri.

Ikupa aliyaokota mawe nyuma ya bafu kwa mikono yake mwenyewe, akiyatia begini kwa kupindisha mkono juu ya bega, na kila jiwe lilipoingia aling'ata midomo.

"Yameisha?" Matilda aliuliza.

"Yameisha."

Akaanza kupanda. Ukungu ulikuwa mzito. Mkanda ulimkaza hadi akasikia ubavu mmoja umekatika, akaendelea, ukakatika wa pili, akaendelea kwa magoti na viganja, na juu ya sikio lake sauti kavu ikaanza kusema, *mpe, mpe*, kabla hata hajaona mtu, kisha kutoka kwenye ukungu akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, akautua mzigo wake chini kwa ajili ya Ikupa, akanyoosha mikono.

"Jamani mwanangu, unatoka damu. Lete nikupokee, nikusogeze hapo mbele."

*Mpe.*

Ikupa alitapika damu. Alitaka kumpa. Msinisikie nikisema alikuwa shujaa, alitaka kumpa kwa moyo wake wote, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Mama, ondoka," alisema. "Ukinigusa nakupiga jiwe."

Yule mama alirudi nyuma akishangaa, akaokota kuni zake, na hadi leo nadhani anasimulia juu ya binti mmoja asiye na adabu. Ikupa alitambaa. Alipofika shingoni mwa mlima alilala ubavu, akayatoa mawe, akayarudisha kwenye chungu jiwe kwa jiwe, na la mwisho lilipogusa mengine, klipu ikafunguka. Begi likaanguka chini, tupu. Alilifukia chini ya mawe yale yale, ile rangi nzuri, ule mgongo uliompima sawasawa. Akakaa, akalia. Kukawa kimya, hakuna anayehema.

Alishuka polepole, sweta mkononi. Mgongo haukuwa na kitu. Alisikia uzito bado, lakini mtu aliyevunjika mbavu anategemea nini? Hakutazama nyuma, kwa hiyo hakuona nyayo zake kwenye tope. Za wengine zilikuwa nyayo tu. Zake zilizama hadi kifundoni.

Matilda alikuwa amesimama uani tangu asubuhi, hajala. Alipomwona anaingia getini, mnyonge, mzima, mgongo mtupu, alimkimbilia, machozi yakimtoka. Shangazi alikataza njiani tu, na njia ilikuwa imeisha. Mikono ikanyooka yenyewe, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Pole, mwenzangu. Pole sana. Lete nikupokee."

Ikupa alikuwa anaangalia nyuma ya bega la Matilda, kwenye pipa la maji. Juu ya mfuniko lilikuwepo jiwe pana. Upepo haukuwa umelisogeza.

Alifungua mdomo aseme usinipokee. Matilda alikuwa ameshalishika sweta.

Na Ikupa akawa mwepesi. Mwepesi kabisa, kiasi kwamba kabla ya hofu, kabla ya kulitaja jina la rafiki yake, alivuta pumzi moja ndefu ya raha, na hilo hakulisamehe kamwe katika nafsi yake.

Magoti ya Matilda yalianza kukunjika. Alilitazama sweta, akamtazama Ikupa.

"Mbona zito hivi?" aliuliza taratibu.

Na kiunoni mwake, pasipokuwa na mkanda wowote, kitu kikajifunga. *Ta.*