Kinoo cha Kuzuia Mlango

Haya jamani, sogeeni, na mwenye kisu butu jikoni asijifanye hasikii!

Nyumba ya fundi seremala ilikuwa na raha yake. Kila asubuhi kabla ya chai, baba yake mzee alilowesha kinoo akanoa patasi, shwii, shwii, kisha akajaribu makali kwa kunyoa kinyweleo cha mkono. Mke wa fundi, msusi ambaye vidole vyake vilisifiwa mtaa mzima, aliamshwa na sauti hiyo.

Mzee akafariki. Fundi akarithi karakana, na kinoo, yaani msishangae, akakifanya cha kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

"Baba watoto, hiyo patasi hata ndizi mbivu itaiponda."

"Nitanoa kesho. Mwanamume ni nguvu bwana!" Akatunisha msuli. Msusi akacheka. Angejua!

Kesho ikazaa kesho, mwaka ukakatika. Patasi ikawa haikati, inatafuna. Mbao ikichanika, fundi anaitukana mbao. Mchana mmoja akaita, "Mama watoto, njoo unishikie hili tendegu la kitanda, kila nikipiga linaruka."

"Si unoe kwanza?"

"Dakika moja tu, nawe!"

Akashika. Fundi akainua nyundo, akashusha kwa nguvu zote. Patasi ikagoma kuingia, ikateleza, ikazama kwenye kiganja cha kulia cha mkewe.

Daktari alishona, akasema taratibu, "Kidonda kitapona, mama. Lakini kano za vidole viwili zimekatika. Kusuka, sidhani."

Hakuamini. Kidonda kilipopona, mteja wake wa kwanza akaketi, akafumua nywele. Msusi akashika unywele, ukamponyoka. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Acha tu shoga, nitarudi," mteja akasema. Hakurudi.

Jioni fundi akanong'ona, "Ajali haina kinga, mke wangu."

"Kinga ilikuwa hapo mlangoni," akajibu. "Tumeiruka mwaka mzima."

Siku hizi fundi ananoa kila asubuhi. Shwii, shwii. Msusi anasikia akiwa kitandani, anajaribu kukunja vidole. Vitatu vinatii.

FUNZO

Ndugu zangu, makali yakipungua, mtu huongeza nguvu, na nguvu haichagui pa kuangukia. Ukiambiwa noa, noa saa hiyohiyo, maana uvivu wako anaweza kuulipia mwenzako kwa mkono wake. Na wewe mwenye kisu jikoni, bado umekaa?