Mapipa Chumbani kwa Bibi

Kila akitoka shule, Maswali hupitia karakana ya baba yake, humsalimia, huchungulia sufuria kubwa la sabuni, kisha ndipo huenda kula. Jina hilo alipewa na bamdogo wake, maana binti yule akikuganda na swali, huchomoki.

Siku hiyo hakuna aliyekoroga sabuni. Baba na bamdogo walikuwa wakihamisha mapipa ya klorini, ile poda ya kutengenezea dawa ya kung'arisha nguo, na kuyaingiza chumbani kwa bibi, nyuma ya nyumba. Jasho lilikuwa likiwatiririka.

“Shikamooni. Kwani bibi anahama?”

“Marahaba. Hahami,” alisema baba bila kumtazama. “Kesho mkaguzi anakuja. Kiwanda kikiwa na mapipa zaidi ya kumi, lazima kitoe taarifa serikalini na kwa zimamoto, tena kilipe ada kila mwaka. Tukibakiza machache, hatuhusiki.”

“Na ya kwa bibi ni ya nani?”

“Yetu.”

“Sasa si bado ni mengi?”

Bamdogo alicheka mpaka akatua pipa chini. Baba hakucheka. “Nenda kale. Na kesho mgeni akija, funga mdomo wako.”

Maswali alikula bila kujua anakula nini. Juzi tu baba alimgombeza kwa kuficha kikombe alichokivunja. Leo baba anaficha mapipa, na watu wazima wote wanaona sawa? Alimuuliza mama, akaambiwa amuulize baba. Alimuuliza bamdogo, akajibiwa kwamba huo si uongo, ni kuhamisha mizigo. Bibi naye alikuwa ameambiwa ni magadi ya kufulia. Kila jibu lilizidi kumvuruga.

Kesho yake asubuhi, Maswali akiwa bado hajaenda shule, mkaguzi alifika, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alihesabu mapipa ya karakana, akaridhika, akaanza kuaga. Baba akashusha pumzi.

Mara kikasikika kikohozi kutoka nyuma ya nyumba, kikohozi cha mtu anayekabwa. Maswali alitoka mbio. Bibi, kwa kupenda kwake usafi, alikuwa amekuta poda imemwagika sakafuni, akaimwagia dawa ya kusafishia choo ili apige deki. Sasa hewa kali inayochoma macho ilikuwa imejaa chumbani, na bibi ameanguka kando ya kitanda.

Mkaguzi alimdaka Maswali mkono kabla hajaingia. “Humo ndani kuna nini?”

Baba alisimama kama aliyegandishwa. Maswali alimtazama, akautazama mlango. Akisema, baba yake atashtakiwa. Asiposema, bibi atakufa. Machozi yalimtoka, na hata yeye hakujua kama ni ya hofu au ya ile harufu.

“Klorini,” alisema. “Mapipa ya klorini. Ni yetu.”

Mkaguzi alipiga simu zimamoto papo hapo, akawatajia kemikali yenyewe. Ndiyo maana walifika wakiwa wamevaa vinyago vya hewa, wakaingia moja kwa moja na kumtoa bibi. Wangeambiwa ni moshi tu, wangeingia bila vinyago nao wangeanguka.

“Vinyago hivyo vinanunuliwa kwa ile ada,” mkaguzi alimwambia baba. Hakupandisha sauti, lakini baba alitamani ardhi immeze.

Jioni hospitalini bibi alikuwa amefumbua macho, mpira wa hewa puani. Baba alikuwa ameshatoa taarifa ya mapipa yote na kuandikiwa faini. Alipiga magoti kando ya kitanda.

“Nisamehe, mama. Nilitaka kukwepa ada.”

“Mwanangu,” bibi alisema taratibu, “ungeniambia tu ni kitu gani, nisingekigusa.”

Baba aliinuka. Kisha akamvuta binti yake karibu.

“Jana nilikuambia ufunge mdomo, nikakosea. Jambo likiwa la hatari, wanaoishi nalo na wanaokuja kuokoa wana haki ya kulijua. Mtu akikuambia ulifiche, hata akiwa ni mimi baba yako, usimsikilize. Sema.”