Jina la Kyungu

Jumatatu ile Kabange alirudi kutoka shule kichwa kimelowa chapachapa, na nje hakukuwa na mvua.

"Nani alikumwangia mayi?" mama yake, Mwadi, akamuuliza.

"Hakuna muntu, maman. Ilikuya tu."

Mwadi akachukua taulo, akaanza kumfuta. Mchana ule alikuwa ameiosha ile sanamu kwenye beseni la jikoni.

Ilikuwa sanamu ya mti, ya Kiyoruba, uso umelika kwa kusuguliwa. Onésime, mume wake, hawezi kupita mbele ya kitu kizee bila kukibeba nyumbani; aliinunua kwenye soko la mitumba majira ya baridi ya 2011, akaiweka sebuleni kwao Koekelberg, ughaibuni. Mwadi aliiosha kuondoa vumbi, akaipaka mawese, kesho yake akaiosha tena. Aliipenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Kabange alizaliwa pacha, na tangu hapo Mwadi akaitwa Maman Mapasa. Mwenzake, Kyungu, alizikwa Lubumbashi kabla hajaota meno, na kwao pacha huitwa wote wawili kwa pumzi moja, hata mmoja akiwa hayupo. Basi kila jioni Mwadi aliita, macho yakiwa kwenye sanamu, "Kyungu na Kabange, mukuye kula."

Mtoto akaanza kunuka mawese. Akakataa kula mpaka sahani iwekwe kwanza mbele ya sanamu. Akakonda, nyusi zikapukutika, pua ikaanza kulainika na kupotea, na daktari hakuona ugonjwa. Mwadi aliogopa kumtazama mwanawe usoni.

Akamwita Folake, Myoruba muuza nywele wa mtaa wa Chaussée de Wavre, aliyewahi kuolewa na mtu wa Bukavu, na Kiswahili chake kilitoka huko. Folake aliiona sanamu, akasimama mlangoni.

"Kwetu pacha akikufa, banamuchongea hii," alinong'ona. "Roho yake inakala ndani. Mama anamuosha, anamulisha. Donc, basi, huyu iko na mama yake, iko na jina yake. Ni nani alimupatia ingine?"

"Mie. Niliita Kyungu na Kabange."

Folake akaziba mdomo. "Umemupatia ndugu, Maman Mapasa. Sasa anamukamata. Umunyanganye ile jina. Umwambie, weye haiko Kyungu, Kyungu alikufa."

Mwadi hakuwahi kuitamka sentensi hiyo, hata makaburini. Lakini Kabange alikuwa amekaa sakafuni, mgumu kama gogo, hapepesi macho, na giza la saa kumi na moja jioni, la majira ya baridi, limeshaingia dirishani, na harufu ya mawese imejaa chumba mpaka inakaba koo, na ndani ya sanamu kitu kinakwaruza taratibu, taratibu, kama ukucha wa mtoto unaotafuta ufa wa kutokea, basi akafumba macho akasema, "Weye haiko Kyungu. Kyungu alikufa."

Mti ukapasuka kutoka utosini hadi miguuni. Harufu ikakatika. Mwadi akamkumbatia mwanawe, akalia kwa furaha, maana mwili ulikuwa umelegea na una joto.

"Kabange," aliita. "Kabange wangu."

Mtoto alimtazama kwa adabu, vile mtoto anavyomtazama mgeni. Akajitoa mikononi mwake taratibu, akamgeukia Folake, akauliza kwa Kiyoruba, lugha asiyowahi kufundishwa.

"Ìyá mi dà?"

Folake akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Anasema nini?" Mwadi aliuliza. "Maman Folake, mutoto anasema nini?"

"Anauliza mama yake iko wapi."